Kilo Mbili Zilizorudi na Hukumu Isiyo ya Haki

Miongoni mwa dhana zilizoota mizizi katika mazungumzo ya afya ya siku hizi, kuanzia kumbi za mazoezi hadi vikao vya kifamilia, ipo ile inayodai kwamba mtu aliyepunguza uzito kisha akaongezeka kilo moja au mbili amekwisha kushindwa, kwamba ongezeko hilo ni ushahidi wa ulegevu wa nia, na kwamba hana njia nyingine ila kuanza upya kwa ukali maradufu au kukubali kuwa mwili wake haukuumbwa kuwa mwembamba. Makala haya yanaipinga dhana hiyo tangu shina hadi matawi. Ongezeko dogo ni jambo la kawaida katika kudumisha uzito, yaani kipindi ambacho mtu amekwisha kufikia uzito alioukusudia na sasa anajitahidi kubaki nao. Mara nyingi ongezeko hilo, hasa likija ghafla, si la mafuta. Na kinachowarudisha wengi walikotoka ni hukumu inayotolewa juu ya zile kilo mbili, zaidi ya kilo zenyewe.

Suala hili haliwahusu watu wa nchi tajiri pekee. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na utafiti wa aina hiyo uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulionyesha asilimia 33. Wengi wao wameshauriwa na daktari kupunguza uzito kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya magoti, na si wachache waliofanikiwa. Lakini anayefanikiwa katika mazingira haya hujikuta kati ya mawe mawili ya kusagia. Upande mmoja wapo wanaomwuliza kama anaumwa, kwa kuwa tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea pande za Rakai na Kagera na kuitwa "Slim" nchini Uganda, kukonda kumebeba shaka ambayo haijafutika. Watu hao zile kilo mbili zikirudi hushangilia kwamba mwili umerudi na mtu amependeza. Upande wa pili wapo wanaoyaona mashavu yaleyale na kutangaza kwamba juhudi zote zimekwenda na maji. Hakuna upande hata mmoja unaomsaidia, kwa sababu wote wawili wanatoa hukumu kabla ya kuuliza kilichoongezeka ni nini.

Swali hilo ndilo la kwanza kukabiliwa, kwa kuwa mizani haipimi mafuta. Mizani hupima kila kilicho ndani ya ngozi kwa pamoja: mifupa, misuli, damu, maji, chakula ambacho hakijamaliza safari yake tumboni, na mafuta. Kati ya hivyo vyote, mafuta hubadilika polepole sana kuliko maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini katika umbo liitwalo glikojeni, ambayo ni akiba ya nishati inayotumika haraka mtu anapotembea, kufanya kazi au kukaa saa nyingi bila kula. Akiba hiyo kwa mtu mzima huweza kufikia gramu 500 au zaidi, na kila gramu moja huhifadhiwa pamoja na takribani gramu 3 za maji. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akila wanga kidogo, kisha akarudi kwa siku mbili kwenye ugali, wali na chapati, anaweza kuongezeka kilo moja na nusu hadi mbili kwa kujaza ghala hilo tu. Chumvi nayo huzuia maji mwilini, siku zinazotangulia hedhi huwaongezea wanawake wengi maji, na choo kigumu cha siku tatu kina uzito wake. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachostahili kuitwa kunenepa.

Hesabu ndogo ya harusi inatosha kulithibitisha hilo. Mtu aliyekuwa na kilo 78.0 asubuhi ya Ijumaa amehudhuria harusi Jumamosi, akala pilau ya nyama na kachumbari yenye chumvi ya kutosha, akanywa soda mbili, na Jumapili akamalizia kiporo kwa chai ya maziwa na mandazi. Jumatatu asubuhi mizani inasoma kilo 79.8. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati inayokadiriwa kuwa kalori 7,700, kalori hapa ikiwa na maana ya kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye pakiti za vyakula, hivyo ili kilo 1.8 zote ziwe mafuta angelazimika kula karibu kalori 13,900 zaidi ya zile ambazo mwili wake ulizitumia. Hata sahani kubwa ya pilau ikikadiriwa kuwa na kalori 1,000, hizo ni sahani kumi na nne juu ya milo yake ya kawaida katika siku mbili. Hakuna mgeni wa harusi aliyezila. Huenda mafuta kidogo yameongezeka, pengine robo kilo, lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana Jumatatu ni maji na chakula, na mtu akirudi tu kwenye milo yake ya kawaida, kufikia Alhamisi au Ijumaa sehemu hiyo huwa imeondoka yenyewe. Anayejihukumu Jumatatu anahukumu ndoo ya maji.

Ndiyo maana namba ya siku moja haina uwezo wa kushtaki wala kutetea. Mtu aliyejipima kila asubuhi kwa wiki nzima na kupata kilo 78.4, 77.9, 78.6, 78.1, 79.0, 78.3 na 78.2 anaweza kupata hofu siku ya tano na faraja siku ya pili, ilhali wastani wa siku hizo saba ni kilo 78.4, na wastani huo ukilinganishwa na wa wiki zilizofuata ndio wenye habari ya maana. Kama wastani unapanda kwa wiki tatu au nne mfululizo, hapo mafuta yanaongezeka na jambo linahitaji kushughulikiwa. Kama unabaki palepale, kupanda na kushuka kwa kila siku ni mawimbi tu, na bahari haijapanda.

Wenye dhana inayopingwa hapa watajibu kwamba, hata kama maji yana sehemu yake, wapo ambao kweli wameongezeka mafuta, na kwamba hao angalau wanastahili lawama ya kukosa nidhamu. Jibu hilo linapuuza kinachofahamika kuhusu mwili uliokwisha kupungua. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake huko New York walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu akidumisha uzito ulio pungufu kwa asilimia 10 au zaidi ya uzito wake wa awali, mwili wake hutumia nishati kidogo kuliko inavyoelezwa na udogo wake mpya. Kwa maneno mengine, watu wawili wenye kilo 75 kila mmoja, mmoja akiwa ameshuka kutoka 90 na mwingine akiwa hajawahi kuzidi 75, kwa kawaida hawawezi kula sawa na wakabaki sawa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walifuatilia watu waliopunguza uzito kwa wiki kumi za mlo wenye nishati ndogo sana, na mwaka mmoja baadaye wakakuta kwamba leptini, homoni itokayo kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, ilikuwa bado chini ya kiwango cha awali, wakati ghrelini, homoni ya tumbo inayoamsha njaa, ilikuwa bado juu. Watu hao walihisi njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza, na hali hiyo ilidumu mwaka mzima baada ya juhudi zao.

Maana yake ni nzito kwa yeyote anayetaka kuhukumu kwa haki. Anayedumisha uzito uliopungua anapiga makasia dhidi ya mkondo ambao jirani yake hauhisi kabisa, na akisukumwa nyuma kidogo, kipimo cha haki ni umbali aliokwisha kuvuka pamoja na nguvu ya maji yanayomsukuma. Kumwita mtu huyo mvivu ni kukosea kwa uchunguzi kabla hata ya kukosea kwa adabu. Wala haimaanishi kwamba mwili ni jela isiyo na mlango, kwa kuwa wapo maelfu waliodumisha uzito kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba kudumisha uzito ni kazi yenyewe, yenye maarifa yake, tofauti na kazi ya kupunguza.

Hoja ya tatu ya wenye dhana hiyo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, nayo ni kwamba ukali huokoa, kwamba mtu akiaibishwa vya kutosha atajirekebisha. Ushahidi uliopo unaelekea kinyume. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa kike, baadhi yao wakiwa wenye tabia ya kujizuia kula ili wasinenepe, walipewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na sukari kisha wakaombwa kuonja aiskrimu kwa kiasi walichotaka. Wasiokuwa na tabia ya kujizuia walikula kidogo zaidi baada ya kinywaji hicho, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyekwisha kushiba kiasi. Wenye kujizuia walikula zaidi kuliko wenzao wa tabia hiyohiyo ambao hawakupewa kinywaji chochote. Kilichobadilika kwao hakikuwa njaa. Ilikuwa ni hisia kwamba siku imekwisha kuharibika, na kwa kuwa imeharibika, hakuna tena cha kulinda.

Miaka kumi baadaye Alan Marlatt na Judith Gordon walilieleza jambo hilohilo kwa watu wanaoacha pombe na uraibu mwingine, wakitofautisha kuteleza kwa mara moja na kurudi moja kwa moja kwenye maisha ya zamani. Walionyesha kwamba kinachounganisha mambo hayo mawili ni tafsiri ambayo mtu anakupa kuteleza kwake: anayeona amevunja kiapo kwa sababu yeye ni dhaifu kwa asili hukata tamaa na kuendelea kuvunja, ilhali anayeona amekutana na mazingira magumu ambayo hakujiandaa nayo hujipanga upya. Kiswahili kimelijua jambo hili muda mrefu kabla ya maabara, maana wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wanaotangaza kwamba kilo mbili ni kushindwa wanafuta tofauti hiyo, na kwa kuifuta wanamsukuma mtu aliyeteleza hadi aanguke chini.

Namna msukumo huo unavyofanya kazi huonekana wazi ndani ya wiki moja. Jumatatu mtu aliyeiona namba mbaya anaruka kifungua kinywa na kushinda na chai ya rangi isiyo na sukari. Jumanne anakula tango na yai moja, kichwa kinamgonga na kazi haziendi. Jumatano jioni, akitoka kituo cha basi na njaa ya siku tatu, anapita mbele ya karai la chipsi ambalo harufu yake huifahamu tangu mtaa wa pili, naye ananunua chipsi mayai, anaongeza mishikaki, na kabla hajafika nyumbani amekwisha kujiambia kwamba ataanza tena Jumatatu. Kisha mizani inasukumwa chini ya kitanda, kwa kuwa hakuna anayependa kukutana kila asubuhi na hakimu aliyekwisha kumtia hatiani, na miezi minne baadaye, ikitolewa tena, zile kilo mbili zimekuwa tisa. Waliomlaumu husema walijua tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba lawama yao ilikuwa sehemu ya chanzo.

Ipo hoja ya nne, na kwa kuwa inasimama juu ya takwimu za kweli haifai kupitwa kimyakimya. Nchini Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, ambalo huandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumisha upungufu huo kwa mwaka mmoja au zaidi. Uchambuzi wa daftari hilo uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliokuwa wameongezeka, hata kwa kiasi kidogo, ni wachache tu waliorudi kwenye uzito waliokuwa nao walipoandikishwa ndani ya mwaka uliofuata. Matokeo hayo hutumiwa kudai kwamba kilo mbili ndizo mwanzo wa mwisho. Lakini uchambuzi uleule ulionyesha pia kwamba baada ya miaka miwili zaidi ya watu 9 kati ya 10 walikuwa bado chini ya uzito wao wa juu kabisa kwa zaidi ya asilimia 10, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa ni mafanikio. Anayesoma nusu ya matokeo huona maporomoko. Anayesoma yote huona watu walioteleza hatua chache juu ya mlima ambao wengi wao hawakuushuka.

Wala faida ya kiafya haifutiki kwa sababu uzito umerudi kiasi. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kutangaza matokeo yake mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari cha aina ya pili, na kundi lililobadili mlo na kufanya mazoezi lilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58 likilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kundi hilo lilipungua kwa wastani wa takribani kilo 7 mwaka wa kwanza, na katika miaka iliyofuata sehemu kubwa ya kilo hizo ilirudi. Hata hivyo, miaka kumi tangu kuanza, kiwango cha kuugua kilikuwa bado chini kwa asilimia 34. Mtu aliyeepuka kisukari kwa miaka kadhaa hakupoteza jasho lake, hata kama suruali yake imembana tena kidogo.

Baada ya kusema hayo yote, ni lazima kukataa pia kosa lililo upande wa pili, la wale wanaofariji kwa kusema kwamba kilo mbili si kitu na mtu ale tu, maisha ni mafupi. Wahenga haohao walioonya kwamba kuteleza si kuanguka ndio waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hekima ya jambo hili imo katika kuzisoma methali hizo mbili kwa pamoja. Ya kwanza inamwondolea mtu aibu. Ya pili inampa kazi. Takwimu za mwaka 2003 zinafunza hasa kwamba ufa huzibwa kwa urahisi zaidi ukiwa mdogo, na kwamba anayengoja kilo tano ndipo ashtuke amengoja mno.

Kwamba ufa unaweza kuzibwa bila ukali, hilo limejaribiwa. Mwaka 2006 Rena Wing na wenzake walichapisha jaribio la miezi 18 lililowahusisha watu 314 waliokuwa wamepunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao. Washiriki wa makundi mawili kati ya matatu walifundishwa kujipima kila siku na kuisoma namba kwa rangi kama za taa za barabarani. Rangi ya kijani ilikuwa kwa asiyezidi uzito wake wa kuanzia jaribio kwa zaidi ya kilo 1.4, naye alipaswa kuendelea na mwenendo wake na kujipongeza. Ya njano ilikuwa kwa aliyevuka hapo lakini hajafikia kilo 2.3, naye alitakiwa kutazama ni kitu gani kilichobadilika katika milo na mazoezi yake. Nyekundu ilikuwa kwa aliyefikia kilo 2.3 au zaidi, naye alirudi kwa muda kwenye mbinu zilizompunguza mwanzoni na kupewa msaada. Mwisho wa jaribio, walioongezeka kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72.4 katika kundi lililopata majarida tu, 54.8 katika kundi lililohudumiwa kwa intaneti, na 45.7 katika kundi lililokutana ana kwa ana. Mafanikio hayo si ya muujiza, lakini ni ya kweli, na jambo la kuzingatia ni kwamba katika mpango huo hapakuwa na neno kushindwa. Rangi nyekundu ilikuwa amri ya kuchukua hatua iliyokwisha kupangwa mapema, wakati mtu ana utulivu.

Mpango wa namna hiyo hauhitaji maabara wala fedha nyingi. Anayedumisha uzito aweza kuandika kwenye daftari lake uzito anaoulinda, kikomo cha juu chenye nafasi ya kilo mbili hivi kwa ajili ya mawimbi ya maji, na orodha fupi ya mambo atakayoyafanya wastani wa wiki ukivuka kikomo hicho: kupunguza kipande cha ugali na kuongeza mchicha au matembele, kuacha soda na mandazi ya saa nne, kula futari ya Ramadhani mezani badala ya kuonja jikoni na kuonja tena mezani, kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani na kumalizia kwa miguu. Mambo haya ni madogo kwa makusudi, kwa kuwa tatizo ni dogo, na dawa inayozidi ugonjwa huwa ugonjwa mwingine. Milo haikatwi, mfungo wa adhabu haufungwi, na kifungua kinywa cha Jumatatu kinaliwa kama kawaida.

Yapo mazingira ambayo kanuni hii hubadilika, na uadilifu unataka yatajwe. Anayeongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku chache huku miguu ikivimba na pumzi ikimkatika anapaswa kwenda hospitali mara moja, kwa sababu maji hayo huenda yanatokana na moyo au figo. Anayetumia insulini, dawa za steroidi au baadhi ya sindano za uzazi wa mpango azungumze na daktari kabla ya kulaumu sahani yake, na asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Na aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula kwa fujo kisha kujitapisha hafai kuwekewa mizani ya kila siku. Kwake namba hugeuka kuwa fimbo, naye anahitaji njia nyingine chini ya uangalizi wa wataalamu.

Kilichobaki ni wajibu wa wale wanaomzunguka mtu huyu. Mhudumu wa afya anayefungua kadi ya mgonjwa na kuona kilo mbili zimeongezeka ana sekunde chache za kuchagua kati ya kugomba na kuuliza, na uchaguzi wake unaweza kuamua kama mgonjwa atarudi kliniki mwezi ujao au atajificha. Shangazi anayeshangilia kurudi kwa mwili na rafiki anayecheka kitambi kilichochungulia upya wote wawili wangefanya wema zaidi wakinyamaza, au wakimwalika watembee pamoja jioni. Naye mwenye kilo hizo mbili na aitoe mizani chini ya kitanda, aisome kwa wiki nzima kabla ya kusema lolote, na kama wastani kweli umepanda, afanye yale machache aliyoyaandika wakati alipokuwa na utulivu. Ufa ni mdogo, udongo upo, na mikono iliyoujenga ukuta mara ya kwanza ni ileile.